Mama Kliniki na Msambu wa Sebuleni

Siku ya kwanza aliponunua ndoo kwangu tuligombana. Nilikuwa nimepanga vyombo vyangu vya plastiki pembeni mwa gulio, mabeseni chini, vikombe juu, akaja nesi mwenye sweta la bluu juu ya gauni jeupe. Alichagua ndoo ndogo kuliko zote, akaigeuza, akagonga kitako chake kwa kidole kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Kisha akaniomba msumari.

"Msumari wa nini, mama?"

"Nitoboe."

"Ndoo ikishatobolewa hairudishwi, mama yangu."

"Nani kakwambia nitairudisha? Wewe unadhani ndoo ni ya kuchotea maji tu? Mti nao si unapumua?"

Sikuwa na msumari. Akaenda kwa wauza maharage, akaazima sindano ya kushonea magunia, akaipasha moto kwenye jiko la muuza chai, akarudi kuitoboa ndoo mbele ya wateja wangu. Matundu matano. Watu waliokuwa wakipita walidhani nesi amekamata ndoo mbovu na anaiharibu ili isiuzwe tena. Siku ile sikuuza ndoo nyingine.

Watu wote walimwita Mama Kliniki. Jina lake halisi nililijua baadaye sana, na kwa kuwa hakupenda kuitwa kwa jina hilo, sitaliandika. Nilimfahamu kwa miaka kama kumi na mitano, si mfululizo, maana mimi si mtu wa mfululizo. Nilimaliza kidato cha nne nikaanza kutembea, na mpaka leo miguu haijaniambia basi. Lakini kila nilipopita njia ya Kasulu nilitafuta zahanati yake, nikijiambia kwamba nakwenda kuuza ndoo.

Mbegu zilitoka mfukoni mwa tabibu aliyehamishwa kutoka milima ya Tanga. Huko, alisema, kuna mti wa msituni uitwao msambu, mnyoofu, unaopenda kivuli na ukungu. Tunda lake ni kubwa kuliko kichwa cha mtu, na mbegu zake hukamuliwa mafuta. Alikuja na mbegu kumi na mbili, amezifunga kwenye kitambaa kibichi, nadhani kwa kukumbuka nyumbani tu. Alipozimwaga juu ya meza ya zahanati alisema neno ambalo hakupaswa kumwambia Mama Kliniki.

"Huku kwenu hauoti huu, sista."

"Nani kasema?"

"Hata kwetu kwenyewe unaweza kungoja mwaka, na zaidi. Halafu huku kiangazi kinakausha mpaka mate mdomoni."

"Basi tatizo si kuota," alimjibu. "Tatizo ni nani atakayengoja."

Akangoja yeye. Alizipanda kwenye ile ndoo yangu, ndani ya udongo mweusi wa bondeni uliochanganywa na unga wa mbao, akafunika na mfuko wa plastiki, akaiweka chini ya meza ya sebuleni. Kila asubuhi kabla ya kazi alipiga magoti, akafunua, akanusa, akanyunyiza maji, akafunika. Miezi ikapita. Wanawake waliomkimbilia nyumbani kwa dharura walimkuta amechutama mbele ya ndoo ya udongo mtupu, na habari ikaenea. Nilimsikia kwa masikio yangu mama mmoja akimtania gulioni:

"Mama Kliniki, huo udongo wako una mimba ya tembo?"

"Wewe yako ulikuja kuandikisha mwezi wa ngapi?"

"Wa saba, mama."

"Basi nyamaza. Udongo wangu umehudhuria tangu mwezi wa kwanza."

Mbegu tatu zililiwa na panya. Tano zilioza. Mbili alizipasua mwenyewe kwa wembe kutazama kama zina uhai, na zilikuwa nao, mpaka alipozipasua. "Nilifanya operesheni bila sababu," alisema, na ni mara chache sana nilimsikia akikiri kosa. Moja ilitoa mzizi ikakata tamaa. Ya mwisho ilitoa mzizi upande mmoja, ikakaa kimya miezi, kisha ikachomoza chipukizi upande wa pili. Tangu siku ya kupandwa ulikuwa umepita karibu mwaka na nusu.

Mimi nilikuwa nimezunguka Kahama na Mpanda, nimeshaisahau ndoo. Alinikamata mkono gulioni, akanivuta hadi kwake. "Njoo uone ndoo yako imezaa nini." Niliona kijiti chembamba kama njiti ya kiberiti na majani mawili yaliyoning'inia, laini, yamelegea.

"Mbona kama unakufa, mama?"

"Ndivyo majani yake yanavyozaliwa. Kwani wewe ulizaliwa umesimama?"

Tangu hapo nikawa msambazaji rasmi wa mti. Kila baada ya mwaka au miwili ulitaka chombo kikubwa zaidi: kutoka ndoo ndogo hadi ndoo kubwa, kutoka ndoo kubwa hadi beseni refu la kufulia, na mwishowe nusu pipa. Kila chombo alikigonga kitako, na kila chombo alikitoboa mbele yangu.

Mtu huyo huyo aliyengojea mbegu mwaka na nusu hakuweza kumngojea binadamu dakika tano. Kliniki ilianza saa mbili kamili. Mama aliyefika saa mbili na robo alisimamishwa mbele ya wenzake, aeleze. "Mvua, mama." "Mvua imenyesha kwako peke yako?" Alisema sana, na maneno yake yalibaki midomoni mwa watu. Aliyejitetea kwamba mtoto amekonda lakini anacheza vizuri, alijibiwa: "Mtoto haongezwi kilo kwa maneno." Aliyemsingizia mume aliambiwa amlete mume, na wanaume wa vijiji vile, watu wanaosalimiana kwa kupiga makofi na kuuliza habari mpaka za mbuzi, walimsalimia kwa haraka sana wakapita.

Alikuwa akihubiri maziwa na mboga, mwenyewe akinywa chai ya rangi yenye sukari mpaka kijiko kisimame. Aliwaambia watu vyandarua ni vya kulalia, si vya kufugia kuku. Chandarua chake mwenyewe kilining'inia juu ya msambu, kuzuia vumbi na panzi. Nilipomuuliza yeye analala na nini, alisema, "Na mbu." Ua la chungu hakulipenda hata kidogo. "Maua ni ya ofisini, ya kumwonyesha mkubwa." Lakini mti wake aliusimulia habari za siku nzima huku akivua viatu, na mtu akiingia ghafla, yeye alikohoa akajifanya anasoma.

Watu walimuuliza kwa nini asiuhamishe nje, nyuma ya nyumba, penye migomba. Kwanza, kiangazi. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa upepo wa nyanda zetu unabeba vumbi jekundu, na hewa inapasua midomo. Mti wa ukungu usingefika mwezi wa nane. Sebuleni alikuwa na ujanja wake. Aliunganisha chupa ya maji na mpira wa dripu uliokwisha muda, akauning'iniza kwenye msumari, tone, tone, tone. Alitundika kanga mbichi dirishani. Na maharage yalipoiva jikoni, sufuria ililetwa sebuleni ikiwa wazi, ikawekwa chini ya mti ipoe hapo. Mgeni aliyefika mchana wa kiangazi alikaa kwenye mvuke wa maharage mpaka shati likamganda, na mwenyeji akimwambia, "Vumilia, mwenzako anapumua."

Sababu ya pili aliniambia mwenyewe, bila mzaha. Aliletwa na serikali, na nyumba aliyoishi ilikuwa ya serikali. Miaka ya mwanzo aliazima kipande cha shamba kwa mzee jirani yake, na mzee akampa masharti ya nchi ile, kwa upole, huku wamekaa kwenye magogo.

"Maharage panda, mama. Mihogo panda. Mti usipande."

"Hata mpapai?"

"Hata mpapai. Maharage yanasema umepita. Mti unasema hapa ni pako."

Angeweza kumcheka, nyuma ya nyumba ya serikali hakukuwa na mzee wa kumzuia. Hakumcheka. "Nimechanja watoto wao, na watoto wa watoto wao," aliniambia, "lakini chanjo hainipi ardhi. Huu mti nitaupanda palipo pangu. Kazi yangu ni moja tu, usife kabla sijapapata." Nilimwona akisema hivyo na mkono wake uko kwenye ukingo wa ndoo, nikaelewa kwamba sebule ile si pambo. Ni chumba cha kungojea.

Sasa niseme habari ya kadi, maana mpaka leo inasimuliwa. Kila mwisho wa mwezi, akina mama wakishaondoka, aliupeleka msambu zahanati akautundika kwenye mizani ya watoto. Alitoa uzito wa ndoo, akatoa uzito wa udongo kwa hesabu anazozijua yeye, kilichobaki akakitia nukta kwenye kadi kuukuu ya kliniki. Jina la mtoto: Msambu. Jina la mama: lake. Kadi ile ilikaa kwenye droo, mpaka siku moja alipokwenda semina Kibondo na mhudumu akapanga kadi zote kwenye kasha moja.

Juma hilo wakaja wageni wa lishe, watu makini, wakapekua kadi. Wakakuta mtoto wa mwaka wa tatu mwenye kilo moja na kidogo. Nukta zote ziko chini ya mstari mwekundu, tena mbali.

"Huyu mtoto yuko hai?" kiongozi wao aliuliza.

Mhudumu, aliyekuwa mgeni kazini, akaangalia jina la mama. "Ego, yuko hai, nadhani yuko nyumbani kwa nesi mwenyewe."

"Nesi! Na mtoto wake yuko hivi?"

Wakamchukua mwenyekiti wa kijiji, wakachukua kopo la maziwa na paketi za karanga za kuokolea watoto waliokonda, wakaenda. Mama Kliniki alikuwa ameshuka tu kutoka Kibondo, hajafungua hata mkoba. Aliwaona mlangoni, nyuso zimekaza, akawakaribisha.

"Tumekuja kumwona Msambu," kiongozi alisema.

"Karibuni sana! Huyo hapo."

Mwenyekiti ndiye aliyeniambia yaliyofuata. Wageni walitazama kitanda, wakatazama nyuma ya kochi, wakatazama chini ya meza. Mama Kliniki akawaonyesha kwa kidevu. Kiongozi akasogea, akafunua chandarua, akautazama mti kutoka shinani hadi kileleni. Akatazama kadi. Akatazama mti tena.

"Kwa urefu," alisema hatimaye, "anaendelea vizuri."

Walicheka mpaka mwenyekiti akalazimika kukaa. Hata hivyo Mama Kliniki alionywa, na kadi ikaamriwa ikae nyumbani. Zile paketi za karanga zilikwenda kwa mtoto mwingine aliyezihitaji kweli. Mama Kliniki alimjua alipo na aliwapeleka mwenyewe, jioni ile ile.

Alipohamishiwa Kibondo nilikuwepo. Alipanda lori la maharage. Dereva alimpa siti ya mbele, kama inavyompasa nesi wa makamo. Akaikataa, akauweka msambu mbele, akaufunga mkanda, akapandisha vioo. Yeye akakaa juu ya magunia na ushungi wake.

"Mama," dereva alisema, "nimebeba maiti, nimebeba maharusi. Mti kwenye siti na nesi kwenye gunia sijabeba."

"Basi leo unajifunza. Mashimo upite polepole, ana majani mapya."

Alifika Kibondo mwekundu kwa vumbi kuanzia nyusi hadi vidole vya miguu. Watu wa zahanati mpya waliokuja kumpokea walimsalimia dereva kwanza, wakidhani yule aliye juu ni mchuuzi. Mti ulishuka bila kupoteza jani.

Kisha nikapotea. Nilifika Katavi, nikakaa ziwani, nikaacha biashara ya plastiki nikashika nyingine. Nilipopita tena Kasulu, mwaka huu, niliambiwa amestaafu na amepata kiwanja njia ya Heru Juu, amejenga. Nilipanda bodaboda. Dereva aliposikia ninakokwenda akasema, "Kwa yule mwenye nyumba yenye shimo?"

Shimo lilikuwa katikati ya sebule. Nyumba ilikuwa nzuri, ya matofali ya kuchoma, na juu ya sebule badala ya bati la kawaida palikuwa na bati la plastiki linalopitisha mwanga. Chini yake sakafu ya saruji ilikuwa imekatwa duara, udongo ukachimbwa hadi kiunoni mwa mtu, mbolea imekwisha tiwa. Pembeni mwa shimo, ndani ya lile nusu pipa nililomuuzia mimi, ulisimama msambu, mrefu kunizidi. Majani ya chini yalikuwa ya njano.

Tuliamkuana. Alikuwa amekonda kidogo, mvi zimeshika kichwa chote, sauti ni ile ile.

"Bwana Ndoo! Uko hai?"

"Niko hai, mama. Shimo hili la tangu lini?"

Akalitazama shimo. "Tangu mwezi wa pili."

Ilikuwa mwezi wa nne, mvua za mwisho. Aliendelea kwa sauti ya chini: mizizi imejaa pipa na imetokea kwenye matundu, mti unakosa pumzi, kila juma unaangusha jani. Ukibaki pipani utakufa. Lakini alisikia pia kwamba mti wa aina hii ukivunjwa mizizi unaweza kufa kwa mshtuko. Mafundi walikuja mara mbili kuupanda. Mara zote mbili aliwapa chai akawarudisha.

"Nimechoma sindano wilaya mbili," alisema. "Mkono haukutetemeka hata siku moja. Njoo uuangalie sasa." Akaunyoosha. Ulikuwa ukitetemeka.

Nilimuuliza kama ana msumeno wa chuma. Alikuwa nao, umefungwa kwenye gazeti, mpya. Nikavua shati. Pipa nililikata upande mmoja, kisha upande wa pili, taratibu, yeye akishika shina kwa mikono miwili na kuniambia "polepole" hata niliposimama. Pipa lilipofunguka, mizizi ilikuwa imejizungusha kama kamba kwenye gudulia. Alipiga magoti akaifungua mmoja mmoja kwa vidole, na alipofika kwenye kazi, mkono ukatulia. Iliyooza aliikata kwa wembe. Tuliushusha. Tukafukia. Akamwaga ndoo sita za maji, akakaa sakafuni na matope yake.

"Nenda zako sasa," alisema. "Najua hukai mahali."

Nilikaa. Sijui kwa nini. Nililala chumba cha nyuma siku tisa, na kila asubuhi tulifagia majani. Siku ya nne yalianguka saba. Siku ya sita sikuyahesabu. Siku ya nane kilele kilibaki na majani matano, naye akaacha kula. Alikaa kwenye kiti akitazama bati.

Siku ya tisa, asubuhi, tulisikia makofi ya salamu uani. Walikuwa wanawake, kumi au zaidi, wengine na watoto mgongoni, wamebeba mabeseni kichwani: unga wa muhogo, maharage, mkungu wa ndizi, chupa ya mawese. Mbele yao bibi mmoja mfupi, jirani, na chungu cha uji. Nilidhani kuna msiba. Mama Kliniki naye alidhani hivyo, akauliza nani kafa.

"Hakuna aliyekufa," bibi alisema. "Tumesikia umepanda. Tumekuja kuona mzazi."

Ndivyo wanavyoingia nyumba aliyozaliwa mtoto: na chakula, na kelele. Walijaa sebuleni, wakakaa chini kuuzunguka mti, wakatandika mkeka.

"Mnampongeza nani?" Mama Kliniki alisema. "Hamuoni unavyokufa?"

Bibi aliweka chungu chini. Akauendea msambu, akaushika shina, akaukwaruza ganda kwa ukucha, kidogo tu, kama anayemfinya mtoto shavu. Chini ya ganda palikuwa kijani kibichi, na tone la utomvu wa njano likatoka.

"Yuko hai huyu. Mama yake ndiye anayetaka kufa kwa njaa."

Wakacheka. Mama Kliniki akasimama haraka aende jikoni kutafuta vikombe, kama mwenyeji yeyote. Wanawake wawili wakamshika mabega.

"Yebaba we! Mzazi hasimami. Kaa."

"Nyie, mimi ni mtu mzima…"

"Kaa, Mama Kliniki. Wewe ulitukalisha miaka yote."

Akakaa kwenye mkeka, mgongo ukiwa ukutani, miguu imenyooshwa, kama walivyotaka. Mmoja akamfunika kanga. Bibi akamimina uji kwenye bakuli, akamkabidhi, akabaki amesimama juu yake kuhakikisha.

"Umeshapanda sasa," alimwambia. "Hutuhami tena."

"Hatuhami," Mama Kliniki alisema, akapokea bakuli kwa mikono miwili, akanywa lote.